Kaptula Yenye Godoro

Siku ile nilikuwa napandisha mlima karibu na Kabingo, gunia la mahindi nyuma ya baiskeli yangu nzito ya chuma, nimesimama juu ya pedali kama kawaida yangu. Nyuma yangu wakatokea watu sita juu ya baiskeli za milimani, zile zenye magurudumu manene karibu kama ya pikipiki. Walitaka kunipita. Mimi sikuwa nashindana na mtu, nilikuwa nawahi mashine ya kusaga kabla haijafungwa, ila nilipofika juu na kugeuka, niliwaona bado wako chini wanahema.

Kiongozi wao, fundi baiskeli wa Kakoba, mjini Mbarara, mwenye ndevu za mvi, alinifikia akanitazama, kisha akalitazama gunia.

"Kijana, wewe ni mutu ama ni lori?"

"Mimi ni wa kambini Nakivale, mzee."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Ndipo akaniambia kwamba kikundi chao kina baiskeli moja isiyo na mtu, mwenyewe alihamia mbali. Nije Jumamosi wanione. Nikipanda mpaka kileleni pamoja nao na kushuka salama, nitapewa niitumie. "Lakini nguo tafuta yako. Kofia ngumu, kaptula, glavu, viatu ya kufunga. Bila kofia, hata pedali hutagusa."

Tangu utotoni nimeota baiskeli ya namna ile. Nilikuwa nazitazama kwenye simu za watu mpaka wenye simu wananinyang'anya. Basi unga niliufikisha nyumbani siku hiyo bila kukumbuka njia niliyopita.

Kesho yake nikaenda Mbarara kwa baiskeli yangu ileile. Kule Masha ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, pembe zimeinuliwa juu kama mikono ya watu wanaoomba kanisani, nikasimama kuwangoja, nikawaombea na wao. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Kakoba nilielekezwa kwa mama mmoja anayeuza mitumba ya michezo tu. Alikuwa amekaa juu ya robota lake, anakula karanga. Mimi macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kofia nyekundu inayong'aa, yenye stika ya moto ubavuni. Nikaivaa. Nikajiona nimeshafika kileleni.

"Toa hiyo," akasema. Akaipindua, akaibandua stika kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Hii ilianguka na kichwa ya mutu. Kazi yake imekwisha."

"Sasa nyabo, mbona unaiuza?" nikamuuliza kwa heshima ya kwao.

"Kuna watu ya kupiga picha, ssebo. Wewe nataka picha ama nataka kichwa?"

Akanipa nyingine, ya kijivu, imekwaruzwa juu lakini ndani nzima. Akanionyesha: ikae vidole viwili juu ya nyusi, ufunge mkanda, utikise kichwa kama unakataa chakula. Haikutikisika. Niliishika tena mkononi na sikuamini. Matundu matupu, nyepesi kuliko sahani ya plastiki, na hiyo ndiyo inakulinda na jiwe!

Jezi aliichagua kwa maji. Alimwaga maji kidogo ya chupa yake juu ya kitambaa, akakikung'uta mara mbili, akaniwekea shavuni. Kikavu. Ile ya pamba iliyokuwa kando yake, maji yaliingia yakakaa humo. Viatu alivikunja: raba iliyojikunja kama chapati akaitupa nyuma, iliyokataa kukunjika akanipa. Kaptula aliivuta mshono mbele ya jua tuone kama uzi umelegea. Ndani ya kaptula hiyo, pale pa kukalia, kulikuwa na sponji nene limeshonewa. Nililiona, nikaona haya kumuuliza mama wa watu kitu cha sehemu hiyo.

Miwani yenye kioo cha rangi ya upinde wa mvua ilikuwepo pia, na moyo uliniuma. "Acha miwani, chukua glavu," akasema. "Ukianguka, utaanguka na macho?"

Katika glavu, kwenye kidole gumba, kulikuwa na kipande laini kama taulo. Nilimuuliza ni cha nini.

"Ya kufuta jasho. Na kamasi."

Nilisimama pale sokoni nimeshika kidole gumba cha glavu. Mahali fulani duniani, fasi nisiyoijua, mtu alikaa kwenye kiti chake akafikiri juu ya kamasi yangu. Alijua kwamba nikipanda mlima pua itachuruzika na mikono itakuwa na kazi. Hakunijua, lakini akanishonea taulo. Macho yalinilowa, bwana. Yule mama akafikiri nalilia bei, akanipunguzia.

Kwetu nguo ya mitumba haiingii mwilini hivihivi. Mama yangu ni mshonaji. Kwanza anaichemsha kwenye sufuria, kisha anaifumua panapotia shaka na kuishona upya, mwisho anaiwekea mkono na kuiombea, maana hatujui ilitoka kwenye mwili wa nani. Ijumaa jioni aliniita.

"Mutoto wangu, hii kaptula ilikuwa ya mugonjwa. Bameshona nepi ndani! Bazungu banajikojolea juu ya kinga?"

"Mama, sijui wanafanya nini juu ya baiskeli."

"Nimeitoa yote. Vaa, sasa uko mwanaume muzima. Na nimeomba mingi."

Nikamshukuru kwa moyo wote. Hata mimi ile nepi ilikuwa imenisumbua.

Jumamosi nikapanda baiskeli ya ajabu. Gia ziliingia bila kelele, gurudumu la mbele lilimeza jiwe lisinifikishie kitu mikononi. Ila kiti! Kiti kilikuwa chembamba kama panga. Kwa dakika kumi nilivumilia, kisha nikasimama juu ya pedali, sikukaa tena. Nusu ya mlima kiongozi akaja ubavuni mwangu.

"Mbona hukai?"

"Kiti kinakata, mzee."

"Sponji ya kaptula iko wapi?"

Nikamweleza. Alishuka kwenye baiskeli, akakaa majanini, akacheka mpaka akashika tumbo, wenzake wakaja kuuliza naye hawezi kusema. Nilijua nimejiharibia. Nikaendelea kupanda peke yangu, nimesimama, mpaka juu.

Mama sijamwambia mpaka leo kwamba nepi ile ilikuwa godoro la kukalia. Siku hizi nina kaptula nyingine yenye sponji, naifua mwenyewe na kuianika kwa jirani.

Kileleni nilisahau aibu. Ziwa lilikuwa limelala chini yetu lote, na kando yake mabati ya kambi yetu ya wakimbizi yakimetameta, madogo kama punje za chumvi. Miaka yote nimeishi mle, sijawahi kuona kwetu kutoka juu. Nilitafuta nyumba yetu nikashindwa, na kushindwa huko kulinifurahisha sijui kwa nini.

Wenzangu walifika. Njia yao ya kushukia ilikuwa imechukuliwa na mvua, wakawa wanabishana. Mimi naijua njia ya ng'ombe ya upande wa pili, nimeipita na magunia mara nyingi.

"Basi tangulia," kiongozi akasema, hacheki tena.

Nikatangulia. Breki nilizigusa kwa kidole kimoja, zikanitii. Kwenye korongo nikapaza sauti, "Kushoto! Kushoto!" na sauti sita nyuma yangu zikaitika. Hakuna aliyeanguka.

Chini, kiongozi aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akalisikiliza.

"Usiku uilaze ndani," akasema. "Mvua isiiguse. Na mnyororo uufute kila ukirudi."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka wewe mwenyewe uchoke."

Nikafuta pua kwa kidole gumba cha glavu, penye taulo.