Birika Lenye Magurudumu

Karatu hakuna treni. Haijawahi kupita, na kwa jinsi barabara inavyopanda kutoka Mto wa Mbu, sidhani kama kuna mhandisi mwenye akili timamu atakayeileta. Kwa hiyo jirani yangu alipochungulia juu ya ua na kuona reli zikizunguka migomba, zikipita nyuma ya banda la mbuzi na kurudi hadi mlangoni pa karakana, aliuliza swali la haki kabisa: "Mama, inakwenda wapi?" Nikamwambia inakwenda inakotoka. Akaingia ndani kwake akitikisa kichwa, nami nikaendelea kugongomea mataruma ya mgrivea, zile mbao za kushikilia reli.

Mimi ni fundi wa magari ya watalii. Yakirudi kutoka Ngorongoro springi zimekatika na vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye redio, yanaletwa kwangu. Sioni ajabu mwanamke kulala chini ya Landcruiser. Wanaoona ajabu huwaachia spana wafungue wenyewe. Lakini treni haikuwa kazi. Ilikuwa ya jioni, na ya Jumapili baada ya ibada, na haikuwa na faida yoyote ila kunifurahisha. Nilianza baada ya kuona kwenye simu wazee wa nchi za mbali wakiendesha vichwa vidogo vya treni ya mvuke, vya kweli, vyenye moto na maji ndani yake, wamekaa nyuma yake na magoti yamewafika kidevuni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamfikiria baba yangu, nikaacha kucheka.

Baba alikuwa fayamani, yule mtu anayechochea moto kwenye kichwa cha treni ya mvuke. Koleo mkononi, joto la makaa usoni, na pembeni yake dereva ameshika regulata, ule mkono wa chuma unaoufungulia mvuke uende kusukuma pistoni. Baba alitoka kijijini kwetu upande wa Mbulu akiwa kijana, akaenda reli, akaulisha moto huo mpaka akaanza kuota mvi. Alisomea udereva, akafaulu. Kabla zamu yake haijafika, vichwa vya mvuke vikaondolewa, vikaja vya dizeli na madereva wake, na baba akahamishiwa kwenye kupakia mizigo. Regulata hakuishika hata mara moja. Sheria ilikuwa sheria: fayamani hagusi. Tulipokuwa wadogo, akikaa mezani kuwaza mambo yake, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukilisukuma bakuli la sukari taratibu mbele, taratibu nyuma. Mama alitukata jicho tusithubutu kucheka.

Sasa anaishi nami. Watoto wa mtaani wanamwita aako, yaani babu kwa Kiiraqw, na mikono imeanza kumtetemeka kiasi kwamba chai namtilia nusu kikombe. Ndiyo maana nilikuwa na haraka. Nilitaka aishike regulata wakati mikono bado inamsikiliza, japo kwa shingo upande.

Boila nililitengeneza kwa bomba nene la shaba lililong'olewa kwenye loji moja ya juu kule ukingoni mwa kreta, walipobadilisha mfumo wao wa maji ya moto. Magurudumu yalikerezwa Arusha na fundi aliyeniuliza mara tatu kama nina uhakika ni ya treni wala si ya toroli. Silinda nilizitoboa mwenyewe, nikaziharibu, nikazitoboa tena. Boila lilipokamilika nililijaza maji baridi nikalipampu kupita presha nitakayoitumia, maana shaba inayovuja maji baridi itakulowanisha tu, lakini inayopasuka na mvuke itakuzika. Mume wangu, ambaye ni dereva wa watalii na anajifanya mjuzi wa kila kitu chenye magurudumu, alisimama mbali kabisa siku hiyo, nyuma ya mgomba. Nilimwambia mgomba haujawahi kumkinga mtu na kitu chochote.

Tatizo halikuwa shaba. Tatizo lilikuwa baba. Karakana hakuingia. Kichwa changu cha treni kilipopata magurudumu, kikapata bomba la moshi, kikawa na urefu wa benchi la kanisani la watu wawili, yeye alikiita birika.

"Hilo birika lako litachemka lini?" aliniuliza siku moja nikimletea chai.

"Likichemka utaliendesha wewe, baba."

Akakiweka kikombe chini. "Usinichezee, mama. Mimi nilikuwa juu ya dude lenyewe, linalotikisa ardhi. Leo unataka unikalishe kwenye kitoto hicho, watu waje wanicheke?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi karakana nikapiga tupa kwenye chuma kisichohitaji tupa. Nilijiona mjinga. Kumbe kitu nilichokusudia kiwe zawadi, mwenyewe alikiona kejeli. Lakini mimi nikishaanza kitu siwezi kukiacha. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na kichwa cha punda, na punda mwenyewe wa kukodi.

Nikapanga siku, Jumamosi moja baada ya mahindi kuvunwa. Nilimwalika jirani wa ua na familia yake, akina mama wawili watatu wa kwaya, na mteja wangu mmoja, Mmasai wa Endulen anayeniletea pikipiki yake kila inapomgomea. Mume wangu alijitolea kupika makande, na makande ndiyo yaliyomtoa baba chumbani. Alikaa kwenye kiti chake uani, mgongo ameupa reli kidogo, ili ieleweke kwamba amekuja kula.

Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi; ukiyachemsha kila siku sufuria inaota ukoko mweupe. Kwa ajili ya boila nilikuwa nimekinga maji ya mvua kwenye pipa, nikapiga marufuku mtu yeyote kuyagusa. Asubuhi ile, kwa haraka, nilikuta ndoo ya maji imekaa kando ya pipa, meupe, yametulia. Nikajua mtu amenichotea, nikamshukuru kimoyomoyo, nikajaza boila. Nikawasha moto kwa vijiti, nikatia mkaa niliouchekecha ukawa sawasawa kama njugu.

Geji ya mvuke ikapanda. Nikavuta king'ora.

Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yenyewe. Mbuzi walikimbilia kona moja wote. Nilimwona baba akigeuza shingo, halafu akajifanya anatafuta fimbo yake. Nikafungua regulata.

Kichwa cha treni kikaenda hatua chache. Kisha kikakohoa, kikakohoa tena, na bomba la moshi likatema povu jeupe, jingi, likaruka mpaka kwenye shuka ya mgeni wangu wa Endulen. Silinda zikapiga kelele, magurudumu yakasimama, na povu likaendelea kutoka bila haya.

Mgeni aliitazama shuka yake, akakitazama kichwa cha treni kwa huruma ya mfugaji. "Hii imevimba tumbo," akasema. "Kwetu tungeinywesha mafuta."

Watu wakavunjika mbavu. Na baba akacheka! Tangu mama atutoke sikuwahi kumsikia akicheka vile, na badala ya kufurahi nilitamani ardhi inimeze. "Birika limefurika!" akasema, na mimi nikarusha spana kwenye migomba. Sijivunii, ila ndivyo nilivyo.

Hapo ndipo mume wangu alipotoka jikoni, aproni kiunoni na mwiko mkononi, naye amekasirika vilevile. "Nani kachukua maji yangu ya magadi? Makande ni kokoto tupu huku!"

Kila mtu pale uani alikuwa mpishi au mtoto wa mpishi, na kila mmoja alielewa kwa wakati wake. Kwetu magadi unayaloweka kwenye ndoo, unauacha uchafu utuame, kisha unayamimina taratibu yale maji ya juu, ndiyo yanayolainisha mahindi na maharage. Na maji ya juu huwa meupe kama ya mvua. Nilikuwa nimeinywesha treni kiungo cha makande.

"Umeweka ndoo ya jikoni kando ya pipa langu!" nikamwambia.

"Na wewe huonji kabla ya kutumia?"

"Nani anaonja maji ya treni?"

Tungefika mbali, ila kelele zikakatika. Baba alikuwa amesimama. Alikuja polepole na fimbo yake, akapita katikati yetu bila kutuangalia, akainama mbele ya kichwa cha treni. Alichovya kidole kwenye povu, akalisugua kwa kidole gumba.

"Ilitutokea hivi hivi," akasema. "Kuna kituo maji yake yalikuwa ya chumvi hii. Tulijaza, tukaondoka, mlimani ikaanza kutapika. Dereva akanitukana mimi, kana kwamba nimekojoa ndani."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Niliuliza kwa sauti ndogo, "Mlifanyaje?"

"Tulifanyaje? Tulishusha moto, tukamwaga, tukasuuza, tukajaza upya." Akaendelea kuitazama ile shaba, mabomba yake na vijiti vyake vya kuvutia magurudumu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeangalia uso wa mjukuu akitafuta amefanana na nani. "Birika haliugui ugonjwa huu," akasema.

Nikaenda migombani kuitafuta spana yangu.

Tukashusha moto. Jikoni nao wakaanza upya, magadi mapya, na wageni wakakaa kusubiri vitu viwili viive kwa pamoja. Boila lilipopoa nilimwaga, nikasuuza, nikajaza maji ya pipani, na safari hii nilionja, watu wakaniangalia. Baba alikuwa amevuta kiti karibu. Mkaa alitia yeye mwenyewe kwa kijiko cha chai, mmoja huku, mmoja kule, na uliokuwa ukimdondoka kwa kutetemeka aliuokota akautia tena. Geji ilipopanda alitaka kurudi nyuma anipishe.

"Hapana," nikamwambia. "Leo fayamani ni mimi. Dereva ni wewe."

Kigari cha kukalia, kilichofungwa nyuma ya kichwa cha treni, kiko chini kabisa, karibu na ardhi, na nilikuwa nimekiwekea mto wa sebuleni. Baba akakiangalia, akaiangalia hadhira yote ile. Mume wangu, Mungu ambariki, ndiye aliyesema, "Mzee, mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Akainama. Tulimshika huku na huku tukamkalisha, magoti yakamfika kidevuni kama wale wazee wa kwenye simu, na hakuna aliyecheka. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye regulata. Ulikuwa unatetemeka. Akausukuma taratibu mbele, namna ile ile ya bakuli la sukari, na treni ikashtuka, ikasita, ikaondoka.

Ilikwenda kwa kurukaruka kidogo kwa sababu ya mkono ule. Ikapita migomba, ikapotea nyuma ya banda la mbuzi, ikatokea upande wa pili ikihema. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Mgeni wa Endulen alikimbia kandokando yake na shuka yake yenye madoa, akiipigia mluzi kana kwamba anaswaga ndama. Mimi nilitembea nimeinama na kopo la mkaa, machozi yananitoka waziwazi, na kila baba alipoisimamisha nililisha moto. Mara moja nikachelewa kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Geji ikashuka.

"Fayamani!" akanikaripia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyekaripiwa hivyo nusu ya maisha yake. "Mvuke uko wapi? Umelala?"

"Samahani, dereva," nikasema.

Makande yaliiva, yakapakuliwa, yakapoa. Aligoma kushuka. Mume wangu alipoomba naye zamu, kwa kuwa yeye ni dereva mwenye leseni, baba alimwambia aanze na koleo kama watu wengine.

Asubuhi yake nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda kanisani, nikasikia fimbo ikigonga mlango wa karakana. Nikatoka. Ukungu ulikuwa haujainuka. Baba alikuwa amesimama pale amevaa suti ya kanisani, akichungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Ibada bado, baba," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Na moto bado hujawasha. Umechelewa, fayamani."