Siku Tuliyocheka Ofisini

Tulikuwa wanawake kumi na wawili kwenye ghala la kahawa pale Songea, tukitoa punje mbovu kwa vidole na kulipwa kwa gunia. Bei ya gunia ilikuwa ile ile miaka nenda rudi, wakati nauli ya bodaboda kutoka kwangu Bombambili ilipanda tu. Tukakubaliana kwenda kwa meneja pamoja. Msemaji awe mama mmoja wa Matogoro, mkubwa kuliko sote, asiyeogopa mtu. Tena tukaahidiana: akiguswa yeye, tunaacha kazi sote.

Kilichotuponza ni utani wa makabila. Meneja alikuwa Mhehe, sisi karibu sote Wangoni, na kila siku alituita watumwa wake, nasi tukimjibu kwamba babu zake tuliwatimua. Siku ile mama alidai nyongeza kwa upole, bila kupandisha sauti. Meneja akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, nitaongeza. Ila wewe bibi, kesho usije. Nimekuchoka."

Tukaangua kicheko. Mimi ndiye niliyeanza. Mama naye akacheka, akamwambia, "Mtumwa gani anamfukuza bwana wake?"

Meneja hakucheka. Niliona, nikajifanya sijaona.

Asubuhi yake mlinzi akamzuia getini. Mama akatugeukia. "Wanangu, si tulikubaliana?"

"Ni utani tu, mama," nikasema. "Subiri hapo, saa nne atakuita."

Wenzangu walilidaka neno hilo haraka, maana lilitupa ruhusa ya kuingia. Naulaani mdomo wangu mpaka leo. Saa nne ikapita, na jioni tulipotoka hakuwepo. Hakuna aliyeuliza. Bei mpya ilianza wiki ile ile, na hela ya nyongeza hiyo sijawahi kuila kwa raha.

Bado nachambua kahawa kwenye ghala lile. Geti likilia asubuhi, shingo yangu inageuka yenyewe, na huwa ni gari la mizigo tu.

Mwaka jana mama alifariki. Nilikwenda msibani, na binti yake akanipisha kwenye mkeka.

"Shikamoo mama. Ni wewe uliyemwambia mama kwamba ataitwa?"

Nikaitikia, nikasema ni mimi.

"Alikuwa anavaa kila asubuhi, anakaa mlangoni. Tukimwambia aache, anasema, yule mwenzangu hawezi kunidanganya."