Kopo la Risasi Lamadi

Wiki hii nilikuwa Lamadi, kwenye yadi ya vyuma chakavu, nikitafuta bawaba za geti. Mvuvi mmoja wa Kalemela alikuwa amekumbatia kopo zito la madini ya risasi. Alitaka lipasuliwe apate vipande vya kuzamishia nyavu.

Mwenye yadi, mama wa makamo, akaiona ubavuni mwa kopo alama ya njano yenye mapanga matatu meusi kama ya feni.

“Weka chini, mwanangu. Alama hiyo tulionyeshwa kwenye semina. Humo mna mionzi.”

“Mayo, mama yangu, ni chuma tu!”

“Nimesema weka. Wote nje!”

Akafunga geti, akapiga simu polisi, kisha akasimama mlangoni mikono kiunoni. Mteja mwenye lori akafoka, akaondoka. Mama hakutikisika.

Jioni wataalamu wa mionzi walifika na kipimo chao. Walipokisogeza kwenye kopo, kikalia mfululizo. Mkuu wao akamshika mama mkono.

“Dunia nzima inavisaka vitu hivi visiangukie mikononi mwa watengeneza mabomu. Leo umewawahi.”

Mvuvi akavua kofia. “Wabeja, mayo, asante sana. Ningekosa mtu wa kulipasua hapa, ningelipasulia nyumbani kwangu, mbele ya watoto.”

Mataifa yakikutana kujadili silaha za maangamizi, wakubwa hutandikiwa mazulia mekundu. Pale Lamadi hapakuwa na zulia. Wauza samaki wa jirani na yadi wakavua vitenge vya mabegani, wakavitandika chini hadi mlangoni kwa mama, naye akapita juu yavyo akicheka, vigelegele vikizima honi za mabasi.