Mawakala Waliokubaliana

Mtaani walimwita Mama Mawingu, ingawa hana mtoto. Akipita na mkoba wake wa kompyuta, fundi viatu wa pale kona hakukosa la kumwambia: "Mama Mawingu, leo mvua ipo?"

"Mawingu yangu hayana maji, fundi. Shona viatu vya watu."

Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pekee. Habari yake naiandika mimi kwa sababu mkono wangu umo ndani yake.

Kazi yake alinieleza mara nyingi, na mara nyingi niliitikia tu. Siku moja nikaelewa, au nadhani nilielewa. Wingu lao si la angani. Ni majumba ya kompyuta za watu, mbali huko, unakoweka kazi zako kama mtu anavyoweka kabati kwa jirani. Nafasi hugombewa. Basi yeye alikuwa anatunga mawakala, programu ndogondogo zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe: huyu anaomba nafasi, huyu analinda, huyu anafagia. Mkubwa hawana. Jambo hupita wakikubaliana wote.

"Kama kikao cha ukoo," nikamwambia.

"Ila hawa hawanuniani, mjomba."

Miaka sita aliwafundisha. Matokeo ya majaribio yake, ambayo bila hayo hakuna shahada ya uzamivu aliyokuwa akiisomea chuoni, aliyaweka mikononi mwa mawakala hao hao, pamoja na nakala yake. Wenzake walimwonya. Akasema hawezi kumpa mtu dawa ambayo yeye hajainywa. Ndivyo tulivyomlea, kwa hiyo sina la kusema.

Ukaja ugonjwa wa dada. Nikampigia mimi. "Mwanangu, njoo. Mama yako anakutaja." Alifika siku ile ile na begi moja. Simu yake ikawa inalia kila mara, mgonjwa anashtuka, nikamwambia aizime. Akaizima, akaitia kwenye droo pale wodini, chini ya taulo. Miezi minne alimwosha mama yake, akamlisha kwa kijiko, akamchana nywele chache zilizobaki. Mimi nilikuwa nawasomea vichwa vya habari gazetini, maana herufi ndogo macho yangu yalishazikataa. Dada akafariki Jumanne asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto.

Baada ya msiba nilimsindikiza chuoni kumbebea mkoba. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta. Akawasha kompyuta, akasoma, akainamia meza. Nikadhani anamlilia mama yake.

Mawakala huandika mazungumzo yao yote. Akanisomea.

Anayefagia: Fungu hili halijaguswa siku tisini. Lina mwenyewe?

Anayelinda: Ameulizwa mara tatu. Kimya.

Anayeomba: Nina kazi inayosubiri nafasi.

Kisha: Nakubali. Nakubali. Nakubali. Matokeo yake yote yakafagiliwa.

"Na ile nakala?" nikauliza.

"Waliijadili pia. Hiyo haikumaliza hata dakika."

"Wamekukosea sana hawa."

"Hawajakosea, mjomba. Wamefanya nilivyowafundisha. Niliandika mimi mwenyewe kwamba mtu akiulizwa kitu chake akakaa kimya, basi hana haja nacho."

Maswali yale matatu yalitumwa kwenye simu iliyokuwa drooni. Msamaha sijafanikiwa kumwomba. Kila nikianza ananiuliza kama nimekula.

Msimamizi wake alisikitika, tena kwa dhati. Lakini bila matokeo hakuna mtihani, na muda wa masomo ulikuwa umefika ukingoni. "Ungetuambia tu uko wapi," alimwambia. Sasa mpwa wangu anafundisha watu kuchapa barua, katika chumba cha juu ya duka la rangi, na jioni nguo zake zinanuka rangi. Fundi viatu haulizi tena habari za mvua. Anamwambia pole, na naona hiyo ndiyo inayomuumiza zaidi.

Kila Ijumaa saa kumi simu yangu huita.

"Mjomba?"

"Naam, mwanangu."

"Sina shida. Nimekugusa tu."

Anakata.

Ijumaa iliyopita nilikuwa bafuni, maji yanamwagika, sikusikia kitu. Alipiga mara tatu. Nilipotoka nikifuta masikio, mlango ulikuwa unagongwa kwa ngumi, naye amesimama nje, anahema, kamba za viatu hazijafungwa.