Na Mdogo Wao Je?

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Butimba vitu vizuri vyote vilikuja viwili viwili, na mimi nilikuwa wa tatu. Msukuma akisikia majina yetu hahitaji maelezo: Kulwa, Doto, Shija. Kulwa na Doto ni mapacha. Shija ni yule anayezaliwa baada yao. Hakuna aliyekaa chini akalifikiria jina langu. Nilipozaliwa, lilikuwa tayari linanisubiri.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri za kanisani: pacha hapewi kitu peke yake. Ukimnunulia Kulwa kitenge, Doto apate kitenge kilekile. Ukimsifia mmoja, geuka umsifie na mwenzake kabla hujameza mate. La sivyo, yule aliyenyimwa ataugua, na akiugua usihangaike kutafuta mchawi, mchawi ni wewe. Mgeni akija na biskuti, Mama alizipanga kwanza kwenye sahani mbili, ndipo aangalie kama kuna zilizovunjika za kunipa mimi. Nilizila. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mapacha walipokuwa sekondari na mimi bado niko shule ya msingi, jirani yetu Mwalimu Devota, Mhaya wa Kagera, alianza kuwakusanya vijana wa mtaani kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Alitaka watunge vitabu vya picha kwa ajili ya watoto wa chekechea, kwa lugha za bibi zao, Kisukuma, Kikerewe, Kijita, na Kiswahili chini yake. Alisema watoto wetu wanaijua theluji kabla hawajamjua kenge.

Kulwa alijua kuchora. Akichora sato, unaona kabisa magamba yamelowa. Ila hadithi hakuwa nayo. Hadithi nilikuwa nayo mimi, ambaye ukumbini sikuruhusiwa kwa sababu ya udogo. Nikampa ya Kenge wa Jiweni: ndugu wawili wanakwenda kuchota maji ziwani, kenge anayeota jua juu ya jiwe anawaibia vivuli, na mtu asiye na kivuli hata mama yake hamtambui. Mdogo wao anawafuata. Anapanda lile jiwe na kumwimbia kenge mpaka asinzie, ili wakubwa wake wachukue vivuli vyao wakimbie. Nilimsimulia Kulwa kipande kwa kipande jikoni, naye akachora. Doto alikuwa kwenye netiboli.

Mwalimu Devota alipoziona zile picha alipiga makofi. "Maawe! Hadithi hii kaitunga nani?"

Kulwa, namshukuru kwa hilo, akasema, "Mdogo wangu Shija."

Siku chache baadaye Mwalimu alituletea nyumbani jalada la majaribio, kaliandika mwenyewe kwa penseli ya rangi: Kimetungwa na Kulwa na Shija. Nililisoma mpaka macho yakaniuma. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa wa pili.

Bibi hakujua kusoma, lakini kuuliza alijua. "Wameandikwa nani hapo?"

Nikamsomea kwa sauti, tena kwa madaha. Akaacha kuchambua dagaa.

"Na Doto?"

"Doto hajafanya chochote, Bibi."

"Sijakuuliza kafanya nini. Nauliza kaandikwa wapi. Huyu mtoto ataugua."

Na Doto akaugua. Homa, kutapika, macho yakazama. Zahanati walisema ni malaria, na leo ukinipandisha jukwaa la mdahalo nitakuambia malaria haisomi jalada la kitabu. Lakini dawa alizimaliza na bado hakuinuka. Alilala akiutazama ukuta.

Mwalimu Devota alikuja kumjulia hali, akamkuta Bibi kando ya mgonjwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kitabu chako kinaniulia mjukuu."

"Mama, mimi ni mwalimu, siwezi kusema..."

"Kwenu Kagera hamzai mapacha?"

"Tunazaa."

"Basi unajua ninachosema."

Mwalimu akakaa. "Tuwaandike wote watatu, yaishe."

Moyo wangu ukaruka. Bibi akatikisa kichwa. "Mambo ya mabasa hayachanganywi na wa tatu." Mabasa ndiyo mapacha kwa Kisukuma. "Kulwa na Doto. Basi."

Mwalimu akaniangalia mimi, akamwangalia mgonjwa, akatoa ufutio kwenye mkoba. Penseli ya rangi haifutiki vizuri. Jina langu likabaki doa, na juu ya doa akaandika Doto.

Jioni ileile Doto aliomba ugali kwa sato, akamla mpaka kichwa.

Basi na mimi nikaugua. Nilijikunja mkekani, nikakoroma kama mtu anayekata roho. Bibi akaja, akaniwekea kiganja shavuni. "Shija, ugonjwa huo wewe huna. Huna mwenzako wa kukuumiza. Inuka ukaoshe vyombo."

Ile hasira ndiyo iliyonifikisha kwenye midahalo ya chuoni. Nikisimama kutetea upande wowote ule, najiona bado niko kwenye ule mkeka, mbele ya Bibi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa haujachorwa. Kulwa akanifuata kwenye vyombo. "Shija, huyu mdogo anashukaje jiweni?"

"Muulize Doto. Ndiye mtunzi."

"Acha roho mbaya."

"Mtunzi yupo sebuleni, kashiba sato."

Akajitungia: wale wawili wakarudi nyumbani, wakala, wakalala. Kitabu kikachapwa hivyo, mdogo wao kabaki juu ya jiwe.

Nilikuja kuelewa baadaye. Jina la Bibi mwenyewe ni Kulwa. Nililijua siku zote, lakini sikuwahi kujiuliza Doto wake yuko wapi. Alikufa mdogo, na nyumba nzima ikasema ni kwa sababu ya nguo mpya aliyoshonewa Bibi peke yake. Kumbe Bibi amekuwa akiivaa ile nguo maisha yake yote. Namwelewa. Na wivu ninao vilevile. Kuelewa hakujaniandika popote.

Likizo iliyopita tulikuwa sebuleni baada ya chakula cha mchana. Neema, binti wa Doto, yuko chekechea sasa. Alikileta kitabu, kona zimeliwa, mama yake akamsomea mpaka mwisho.

"Na mdogo wao je?" Neema akauliza.

"Wamerudi nyumbani."

"Wamerudi wawili. Na mdogo wao je?"

Doto akanigeukia. "Kila siku hivyohivyo. Hata mwalimu wake kaniambia darasa zima linauliza. Sema basi, Shija! Miaka yote hii umeikalia."

"Jina langu kwanza."

"Jamani, huyu mtu!"

"Kalamu hiyo hapo."

Doto akamtazama Bibi. Bibi alikuwa kanyoosha miguu mkekani, kafumba macho, nikadhani kasinzia.

"Mwandike," akasema. "Ila pale mbele ni pa mabasa. Yeye mwandike nyuma."

"Nyuma wapi, Bibi?"

"Nyuma. Si ndivyo alivyozaliwa?"

Hoja nilikuwa nazo, tena nzito. Nikazimeza, maana nyuma ya kitabu ndipo mwisho ulipo. Doto akaandika Shija kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa. Wivu haukuondoka. Ulisogea tu kidogo, nikapata pa kukaa.

Nikampakata Neema. Nikamwambia kwamba wale wawili walipofika nyumbani, wanahema, na vivuli vyao mikononi, walimkuta mdogo wao kakalia kigoda mlangoni, miguu imelowa, anawangoja.

"Alipita wapi?"

"Nyuma," nikamwambia. "Hakuna aliyekuwa anamwangalia."