Nilichanja Mbuzi, Nikamwacha Mama

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, kwetu Kanyangi, nilipowapeleka mbuzi wangu kumi na mmoja kuchanjwa homa ya mapafu. Nilikuwa na miaka thelathini, mwanangu, na nilijiona msomi. Shuleni sikufika mbali, lakini nilikuwa na daftari, na kila nilichokiona nilikiandika. Jioni ile beberu mmoja aliinamisha kichwa akakataa majani. Sikushtuka. Niliandika: "Dawa imeanza kazi."

Wiki iyo hiyo zahanati ilitangaza chanjo ya homa ya mafua kwa wazee na wenye pumu. Mama yangu alikuwa mzee, na pumu alikuwa nayo. Jirani yetu alichanjwa, mkono ukamuuma, na siku ya tatu akaanza kupiga chafya. Nikaandika: "Chanjo inaleta homa."

Mama alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani ili aende. Nilimsomea daftari langu, nikamwambia asijisumbue, homa ni mafua tu, tangawizi na ndimu zinatosha. Alikifungua kitambaa, akaketi. Aliniamini, na hilo ndilo lililonitesa baadaye.

Mwezi uliofuata homa yenyewe ilikuja. Mafua huja polepole, mwanangu, puani kwanza. Hii ilimkuta Mama akinywa chai akiwa mzima, na kufikia saa sita hakuweza kusimama. Nilimnunulia antibaiotiki dukani. Hazikusaidia kitu. Siku ya nne alishindwa kumaliza hata sentensi moja kwa kukosa pumzi, nikamkimbiza hospitali ya Kitui, akawekewa oksijeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikauita pambo.

"Kwa nini hakuchanjwa?" muuguzi aliuliza.

"Mimi nilimkataza."

Nilimweleza habari za jirani. Hakunigombeza. Alisema sindano ile ina viini vilivyokwisha kuuawa, haviwezi kumpa mtu homa. Maumivu ya mkono, au joto kidogo, ni mwili unajifunza. Chafya za jirani zilikuwa mafua mengine aliyokwisha kuyaokota, na tena chanjo huchukua kama wiki mbili kabla ya kukinga. Nazo antibaiotiki haziui kirusi cha homa.

"Uliandika kilichofuata," alisema, "hukuuliza kilicholeta."

Siku ya tano hospitalini Mama aliondoa ile barakoa ya hewa, akaomba uji. Aliumaliza wote, akanitazama.

"Mutinda, mbuzi wangapi ulichanja?"

"Kumi na mmoja, mwaitu," nilijibu, yaani mama yangu kwa Kikamba.

"Na yule beberu akikataa kula, ukasema dawa inafanya kazi. Jirani akiumwa mkono, ukasema ni sumu. Sasa mimi mama yako, shida yangu ni kukosa pembe?"

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka, mwanangu, mpaka machozi yakanitoka, kwa maana mtu anayeweza kunisuta hivyo alikuwa amepona.

Tangu hapo nimempeleka kila mwaka chanjo inapopatikana, kwa sababu kirusi hiki hubadilika, na kinga ya mwaka juzi huchakaa. Hata kuku hatuwachanji kideri mara moja tukasema basi. Aliwahi kuugua tena, siwezi kukuficha. Alilala siku mbili, ya tatu akawa shambani akilalamika kwamba nimepanda pojo vibaya.

Basi shika haya. Homa ya mafua si mafua tu, hasa kwa mzee, mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu. Jambo moja kufuata jingine si ushahidi. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo muulize mhudumu wa afya kabla hujamkataza mtu anayekuamini. Na ukikosea, kiri mapema, maana kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Mungu akupe kifua chepesi na sikio la kusikia, na wazee wako wakae nawe miaka mingi, wakikusuta kwa sauti nzima.