Konokono wa Buluu Kwenye Makochi

Mimi si mtu wa kusahau. Kanisani hunishauri nisamehe, nami huitikia kwa kichwa na kuendelea kukumbuka.

Marehemu mama yangu ndiye aliyenifundisha kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Alipenda kufuma ua la mchai, jeupe, katikati manjano. Huku Kaplong hakuna mwingine aliyelifuma hivyo, na kila nilipolifuma nilihisi mama yuko karibu. Mke wa shemeji yangu, ambaye boma lake na langu yametenganishwa na mistari michache ya chai, aliliona kwangu, akaenda akalifuma. Akalipeleka kanisani na kuwaambia akina mama kwamba Mungu alimwonyesha ndotoni. Wakampigia makofi. Viti vyote vya mbele, hata cha mchungaji, vikavishwa ua la mama yangu, na sifa zikamwendea yeye. Kila Jumapili niliviangalia moyo ukinichemka. Ningesema nini, na sikuwa na ushahidi?

Mwaka jana binti yangu, anayesoma chuo huko pwani, alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa ya konokono wa baharini. Hana gamba, hazidi kidole, lakini amepambwa kuliko bibi harusi: mwili wa buluu wenye mistari myeusi, ukingo wa rangi ya chungwa, na mgongoni kishada kama kaua kadogo. Akaniandikia kwamba hula vitu vyenye sumu akaihifadhi mwilini, na rangi zile ni za kuwaonya samaki. Nilimpenda konokono yule kwa sababu zisizo nzuri.

Konokono tunayemjua sisi ni yule wa kijivu anayetumalizia kabeji, na tunammwagia majivu. Huyu wa rangi hakuna ambaye angemtambua.

Nilifuma kitambaa kimoja tu chenye konokono huyo, nikakitandika kwenye kiti ambacho mke wa shemeji hupenda kukalia akija kwangu. Alipokuja alikipapasa, akauliza ni maua gani. Nikamwambia ni maua ya pwani. Uongo huo sijautubu. Nilipoingia jikoni kuchukua maziwa, nikasikia simu yake ikipiga picha.

Wiki tano baadaye ilikuwa koito ya binti yake, siku ambayo wazazi wa kijana huja kuomba mchumba. Wageni walitoka Kipkelion. Sebule yake nzima ilikuwa konokono, kila kochi. Mama wa kijana alisifu sana, akauliza dizaini imetoka wapi. Mwenye nyumba akajibu kwa unyenyekevu kwamba Mungu alimwonyesha ndotoni.

Niliweka chini kikombe changu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikafungua simu, nikampa yule mama aone picha.

"Ni konokono," nikasema. "Binti yangu ndiye alinitumia. Sasa sijui kama Mungu alimtumia dada yangu huyu pia."

Wageni wakajisogeza mbele polepole, migongo ikaachana na makochi. Mwenye nyumba akabaki na mawili: aseme mbele ya wakwe kwamba Mungu alimwonyesha konokono, au aseme ukweli.

"Nilitoa kwake," akasema akiangalia sakafu.

"Na ile ya kanisa?" nikauliza.

"Hiyo pia."

Akina mama wa kanisa waliokuwa wakipakua chakula walisikia kila neno. Nilifurahi, sitaficha. Binti yake aliniangalia kutoka mlangoni, nami nikageukia sahani yangu.

Jumatatu mke wa shemeji aliniletea vitambaa vyote vya kanisani, vimefuliwa na kupigwa pasi. "Chukua, dada," akasema. "Ua ni la mama yako."

Alipoondoka nilivigeuza upande wa nyuma, ambako uvivu wa mfumaji huonekana. Sikuona fundo hata moja. Mama yangu hakuwahi kumaliza kazi safi hivyo, wala mimi. Hasira ikanipanda upya, kali kuliko ya kwanza. Nikatoa kiti nje, nikakaa, nikaanza kuvuta uzi, ua moja baada ya jingine, hadi yakaisha yote. Yeye alikuwa upande wa boma lake akichuma chai. Aliniona, na mimi sikugeuza kiti.